Mashua Isiyo na Kasoro

Onyiego, Mstaafu,
Ndani ya Mashua, Bwawani,
Chini ya Shamba la Chai, karibu na Itumbe.
Agosti, wiki ya kwanza, asubuhi ya ukungu.

Kwa Mzee Ombok,
Fundi wa Mashua,
Kendu Bay.

Mkwe mwenzangu mheshimiwa,

KUH: MALALAMIKO JUU YA MASHUA ULIYONIPA, NA OMBI KWAMBA UITANGAZE MBOVU

Nakusalimu kwa heshima zote zinazompasa mtu aliyekubali binti yake awe mke wa mwanangu. Natumaini wewe ni mzima, Mama Anyiko ni mzima, na ziwa lenu bado liko mahali pake. Huku kwetu sote tu wazima isipokuwa mimi. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Meza yangu ni goti la kulia, na goti lenyewe linatetemeka tangu Juni.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ungesikia meno yangu yanavyogongana ukacheka, na malalamiko yakishachekewa hayana nguvu tena. Ndiyo maana nimeona niyaweke kwenye karatasi, kwa namba, kama watu walioenda shule.

Kwanza nieleze chanzo, ili siku jambo hili likifika mbele ya wazee wa pande zote mbili asiwepo wa kusema hakuelezwa.

Utakumbuka siku tulipoleta ng'ombe kwenu. Msemaji wetu alikuwa Ogoti, mzee wa kanisa letu, mtu anayejua kupima maneno. Mimi kama baba wa kijana nilitakiwa kukaa kimya na kula samaki. Basi ndugu zako wakaanza kusifu ziwa lao, wakatuuliza kwa upole kama sisi watu wa milimani tumewahi kuona maji mengi yakiwa mahali pamoja. Damu ikanichemka. Nikasimama na mfupa wa samaki mkononi nikasema kwamba mimi binafsi ninalo ziwa langu, ndani ya shamba langu, na lina ngege wakubwa. Ogoti akanivuta koti. Nikaendelea. Nikasema kinachokosekana katika ziwa langu ni chombo tu.

Sasa umeliona bwawa langu la samaki. Ukimrushia mtu aliye ng'ambo ndizi, ataidaka bila kuinuka. Lakini siku ile hukulijua, na kwa kuwa wewe ni muungwana unayeamini maneno ya wakwe zako, uliingia karakanani ukaunda mashua ya kufaa ziwa. Wakati wa Pasaka ukaja nayo kwa lori. Vijana wakaibeba mabegani wakashuka nayo katikati ya chai, na wanawake waliokuwa wakichuma wakasimama na vikapu vyao migongoni wakitazama. Ilipotiwa majini, bwawa likajaa. Wewe ukalitazama bwawa, ukanitazama mimi, ukasema, "Ziwa zuri, mzee." Tangu siku hiyo nimekuheshimu sana, na pia nimekuwa nikikukwepa.

Mwisho wa Mei ikaja mvua ya mawe na upepo wake, mabati ya nyumba yangu yakang'oka yakaenda kwa jirani. Mke wangu Kemuma akahamia jikoni, akalala huko na kuku. Mimi mwanaume wa umri huu siwezi kulala jikoni kwa mke wangu mbele ya watoto. Mwanangu Mokua akaniambia, "Tata, kuja tu kwangu, room iko." Hapo ndipo nilipomkumbusha juu ya chinsoni, ile heshima yetu inayokataza baba kulala chini ya paa moja na mke wa mwanawe. Nanyi kwenu mnayo heshima ya namna hiyo, na huenda mmetuzidi. Binti yako Anyiko, bila kuombwa, akasema yeye na watoto watakwenda kulala jikoni na mama mkwe wake ili mimi nipate nyumba. Nikakataa hilo pia, kwa sababu kitanda chake kimo humo. Mchungaji akasema mambo haya yamepitwa na wakati. Mchungaji wetu bado ni kijana.

Nikafikiri usiku kucha, nikapata jibu lililonifanya nijione mtu mwenye akili kuliko wote katika kaunti yetu. Mashua si nyumba. Haina ukuta, haina mlango, haina kizingiti. Wala haiko juu ya ardhi yangu au ya mwanangu, iko juu ya maji. Niliulizia kwa wazee watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia mila ya Abagusii inayotaja mashua. Nikachukua godoro, turubai na kofia ya sufu, nikahamia.

Hadi hapo hakuna aliyekosea. Kosa lilikuja Sabato iliyofuata, watu waliponizunguka nje ya kanisa wakinipa pole. Zile pole zilinichoma. Nikawaambia hakuna mvua inayoweza kunifukuza kwangu. Nikawaambia nimehamia ziwani kwa hiari yangu, kwa msimu wote wa kipupwe, kwa ajili ya hewa, na kwamba mimi sirudi nyumbani kabla ya Septemba. Hewa, nilisema. Hewa ya Julai ya huku kwetu, ambayo ng'ombe wenyewe wanaigeuzia makalio.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mashua yako haivuji.

Nimeweka hili la kwanza kwa sababu ndilo lililonivunja moyo mapema zaidi. Kila asubuhi nikiamka napapasa chini ya godoro kwa matumaini, na kila asubuhi ni pakavu. Mvua imenyesha, ukungu umekaa, bwawa limejaa na kupungua, na mbao zako zimeshikana tu. Mtu ambaye mashua yake inavuja anaweza kurudi nyumbani kichwa kikiwa juu. Watu watasema maskini, si kosa lake, chombo kilimwangusha. Lakini mtu aliye ndani ya mashua kavu atatokea wapi?

Sitakuficha. Siku moja nilichukua msumari na jiwe. Nikaliondoa godoro, nikauweka msumari juu ya ubao, nikainua jiwe. Kisha nikaona kwamba pale chini, mahali ambapo hakuna mtu angetazama, umechonga kwa patasi jina la Anyiko na jina la Mokua, herufi ndogo safi, na ukapaka mafuta juu yake. Nikalirudisha jiwe ukingoni. Kwa hiyo ukaniharibia hata uhalifu.

2. Mashua yako haigeuki.

Kwa kuwa urefu wake ni karibu sawa na urefu wa bwawa, iliingia ikielekea mlimani na imebaki ikielekea mlimani. Nikikaa, naitazama nyumba yangu. Nikilala chali na kuinua kichwa kidogo, naitazama nyumba yangu. Ungepunguza ubao mmoja tu, ningeigeuza nikatazama migomba ya jirani kama mtu aliye likizoni. Badala yake nimelazimika kuona moshi wa jikoni ukianza asubuhi, na Ijumaa nikajua kwa harufu kwamba mboga ya chinsaga inachemshwa kwa maziwa, na jioni nikaona dirisha la sebule yangu likiwashwa taa na mtu mwingine. Binadamu hakuumbwa kutazama nyumba yake mwenyewe kwa muda mrefu hivyo akiwa nje yake.

3. Binti yako ana adabu kupita kiasi.

Mimi ndiye niliyeileta chinsoni katika jambo hili, na sasa yeye anaishika kuliko mimi. Anyiko hasogei bwawani nikiwa nimelala. Akileta uji, anauweka ndani ya beseni la plastiki, analitia majini, analisukuma kwa fimbo ndefu huku ameelekeza macho kwenye chai. Beseni halijawahi kupinduka. Mtoto huyu amekua na maji. Jioni huniletea chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya sweta la Mokua. Hajanicheka mbele yangu, hajanung'unika, hajaniambia kwamba ana kazi nyingine, ingawa yeye hufundisha mchana kutwa kule Nyanchwa na kurudi akiwa amechoka.

Angenikosea mara moja tu, mkwe, ningepata sababu. Ningeshuka kwenye mashua kwa ngurumo, nikapanda mlima kwenda kurekebisha nidhamu ya boma langu, na nikishafika ndani nani angenitoa? Lakini huwezi kurudi nyumbani kwa hasira wakati uji umewekwa maziwa na limau. Umemlea vizuri mno, na mwenye kuumia ni mimi. Nataka ujue hilo.

4. Samaki wananitumia.

Unajua kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai. Kazi yangu ilikuwa kulisha tanuru kwa kuni ili majani yakauke. Wenzangu wakija kazini na makoti na skafu, mimi nilikaa na shati la mikono mifupi, na kwa miaka yote hiyo niliamini baridi ni jambo linalotiwa chumvi na wavivu. Sasa nimelipwa. Wale ngege wamegundua kwamba ubao ulio chini ya mgongo wangu una joto kidogo. Hukusanyika hapo. Nawasikia wakiugusagusa kwa midomo, na nikigeuka upande wa pili, nao huhamia upande wa pili. Nilidhani nimeacha kazi ya boila, kumbe mimi mwenyewe ndiye boila siku hizi.

Nao wamenenepa. Lakini hakuna anayeweza kuwavua, kwa sababu wavu ukirushwa unaniangukia mimi. Matokeo yake binti yako, aliyezaliwa ziwani, ananunua omena iliyokaushwa sokoni ilhali nyumbani kwake kuna bwawa lenye samaki wazima. Kama mimi sistahili huruma, naomba umhurumie yeye.

5. Nimekuwa mtu maarufu.

Kile kituo cha boda boda kilicho juu ya shamba hakikuwa na jina. Sasa kinaitwa Kwa Meli. Mtu akishuka hapo akitoka mjini, vijana humwuliza kama anaenda kwa wagonjwa, kwa chifu au kwa meli. Watu wamekuja kutoka Suneka, wakiwa na watoto waliovalishwa vizuri kama wa kwenda maonyesho ya kilimo. Juzi alikuja kijana mmoja na simu ya kupigia picha, akaniambia, "Mzae, hebu panda huko mbele kidogo, ushike hiyo fimbo, tukutoe fiti." Nikapanda. Ninakuambia haya nikiwa na aibu: nilipanda, nikashika fimbo, nikaangalia mbali kama mtu anayeona nchi kavu. Nchi kavu ilikuwa hatua mbili kutoka puani mwangu.

Kanisani hali ni mbaya zaidi. Ogoti, yule aliyenivuta koti nikakataa kuvutika, alipewa mahubiri, akachagua Nuhu. Alisema hakumlenga mtu. Alieleza jinsi Nuhu alivyoingia safinani pamoja na wanawe, na wake za wanawe, na mkewe. Alipofika kwenye mkewe alinyamaza akanywa maji. Kanisa zima likamgeukia Kemuma. Kemuma akafungua kitabu cha nyimbo, ingawa hakuna wimbo uliokuwa umetajwa.

Baada ya ibada nilimfuata Ogoti nikamwuliza swali la haki kabisa: kama wake za wanawe Nuhu walikuwa humo, chini ya paa moja na baba mkwe, muda wote ule, je, Nuhu alifanyaje kuhusu chinsoni? Ogoti akasema swali langu ni zuri na kwamba nikalifikirie nikiwa kwenye joto. Sijui alikuwa na maana gani, lakini watu waliokuwa karibu walionekana kujua.

6. Mke wangu.

Hili nilikuwa sitaki kuliandika, na kama ungefanya kazi yako vibaya kidogo nisingeliandika.

Nyumba yangu ilipauliwa upya kabla ya Juni kwisha. Mokua na mafundi walipiga mabati mekundu, mazuri, na niliyatazama yakipigwa msumari baada ya msumari, kwa sababu nimeshakueleza kwamba mashua haigeuki. Kemuma akatoka jikoni akarudi chumbani kwetu. Jioni ile akamtuma Mokua. Mokua akasimama ukingoni akasema, "Mama anasema nyumba imeisha." Nikajibu kwamba nimesikia. Nikangoja sentensi ya pili. Mokua hakuwa nayo. Tukatazamana, akaniambia nilale salama, akapanda mlima.

Tangu hapo naingoja. Kila asubuhi Kemuma akienda kuchuma chai hupita njia ya juu ya bwawa. Husimama, hunisalimu, "Bwakire, Baba Mokua," nami namjibu. Huuliza ziwa liko namna gani. Nasema liko salama. Huuliza kama nimelala vizuri. Nasema vizuri sana. Huo ni uongo, na nadhani anajua ni uongo, maana nausema kupitia blanketi. Kisha anakwenda zake, na nabaki nikimtazama mgongo mpaka anaingia ndani ya ukungu. Tumeoana tukiwa vijana na hatukuwahi kuzungumza kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Jioni ndiyo inayonimaliza. Nasikia wakicheka kule ndani, yeye na Anyiko. Kicheko cha Kemuma nakijua, huanza polepole kisha kinamtoa machozi. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikikitafuta. Sasa anakipata bila mimi, katika nyumba yenye joto, na naanza kuwaza kwamba labda boma lile linakwenda vizuri zaidi nikiwa bwawani. Mtu wa boila hulala akijua kwamba asipoamka, kiwanda kitasimama. Mimi sijaamka huu mwezi wa tatu na sioni kilichosimama.

Nimemkosa mke wangu, Mzee Ombok. Basi. Nimeliandika.

Najua utasema nishuke tu nipande mlima, ni mwendo wa dakika chache. Umesema kweli, na kama ungekuwa wewe ungefanya hivyo, kwa sababu wewe si mtu wa kusimama kwenye posa na mfupa wa samaki mkononi. Mimi nilisema Septemba mbele ya kanisa. Nikipanda Agosti bila kuitwa, kila mtu kuanzia Ogoti hadi vijana wa boda boda atajua nilishindwa na baridi, na jina la Kwa Meli litabaki nami nikishakufa. Nikiitwa, ni jambo jingine. Mwanaume aliyeitwa na mkewe hajashindwa, ametii.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya, nami nimeyapanga kuanzia lililo jepesi kwako.

Kwanza, niandikie barua, yenye sahihi yako kama fundi, ukisema kwamba umekumbuka kasoro katika mashua hii na kwamba ni hatari kwa mtu kuendelea kulala humo. Kasoro uichague mwenyewe. Unaweza kusema mbao zilikatwa zikiwa mbichi. Unaweza kusema hii ni mashua ya kubebea omena na haikukusudiwa kubeba wakwe. Nitaisoma barua hiyo kanisani kwa sauti ya huzuni.

Kama jina lako la ufundi haliruhusu jambo hilo, basi, pili, tuma vijana wako waje waichukue mashua kwa nguvu. Nitapinga kidogo. Nitashika fimbo, nitasema maneno mawili matatu makali kuhusu wakwe wa siku hizi, kisha nitawaachia. Watu wakiuliza, nitasema nilikuwa tayari kumaliza msimu lakini Ombok alininyang'anya. Najua hilo litakuharibia jina huku kwetu. Nimelifikiria nikaona unaweza kulibeba, kwa kuwa huishi huku.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi ingawa nimeliweka mwisho: mpigie simu Kemuma. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Muulize habari za chai, muulize habari za wajukuu, kisha mwambie, kama wazo lililokujia mwenyewe, kwamba kule kwenu mwanamke akiona kipupwe kimemzidi mumewe humwambia njoo nyumbani. Neno hilo moja tu. Mengine nitayamaliza mimi. Ninayo mizigo michache na miguu bado inatembea.

Kama hakuna hata moja utakalolitekeleza, sitakuwa na budi kulipeleka suala hili kwa wazee, nikidai kwamba uliniletea zawadi nzuri kupita kiasi kwa nia ya kunitenganisha na mke wangu. Nakiri kwamba kesi hiyo nimeijaribu peke yangu humu ndani, nikiwa mlalamikaji na hakimu, na nimeshindwa mara zote mbili. Lakini wazee huenda wakaiona tofauti.

Nisalimie Mama Anyiko, umwambie wajukuu wake wamerefuka. Nisalimie vijana wa karakana, hasa yule aliyepiga randa ubao wa chini, ambaye simlaumu. Nisalimie ndugu zako walioniuliza juu ya maji mengi mahali pamoja. Waambie nimeyaona.

Nimetia sahihi nikiwa na akili timamu na glavu moja,

mkwe wako mwenye heshima na mafua,

Onyiego, baba wa Mokua.

Nyongeza: Mzee Ombok, kama umefika hapa ukiwa umeshachukua kalamu, iweke chini. Usiandike kasoro yoyote, wala usimpigie mtu simu.

Niliandika barua hii asubuhi. Sasa ni alasiri na manyunyu yameanza. Nilikuwa natafuta bahasha kavu nilipomwona Kemuma akishuka kwenye chai na mwavuli, na blanketi letu kubwa kichwani. Akasimama ukingoni. Nikajiweka tayari kusikia sentensi yangu. Yeye akauliza, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni pa wageni, kama anaweza kuingia.

Nikamwuliza tangu lini anaomba ruhusa kwangu. Akasema, "Tangu Mei. Hii ni nyumba yako mpya, Baba Mokua. Mwanamke haingii nyumba mpya ya bwanake mpaka bwanake amwingize. Wewe ulibeba godoro ukaenda, hata njoo hukuniambia. Wamama wa kituo cha majani wananiuliza kama umeniacha, nawaambia ako tu kwa hewa."

Nilimwuliza juu ya kile kicheko. Akasema ni Anyiko anayemchekesha kila jioni kwa makusudi, milango ikiwa wazi, ili majirani wasikie kwamba nyumba ina furaha. Akiingia chumbani, akasema, hapacheki mtu.

Nikampa mkono akapanda. Amekaa nyuma yangu hapa akisoma karatasi hizi begani mwangu. Namba sita ameisoma mara mbili. Kisha alivuta blanketi akanifunika na mimi. Baadaye kidogo akasema twende nyumbani. Nikamwambia tungoje manyunyu yaishe, naye akakubali. Yameisha kitambo, na hakuna kati yetu aliyeyataja.

Kwa hiyo ukiwa umeshamtuma mtu kuja kuichukua mashua, tafadhali mpigie njiani umwambie apige hodi akiwa bado huko juu kwenye chai, na angoje mpaka ajibiwe.